Mgeni Aliyetazama Ukuta

Televisheni ndiyo iliyonifumbua macho nikaona jinsi ukuta wa saloni yetu ulivyokuwa mbaya. Kabla haijaja, pale palikuwa na msalaba na kalenda ya parokia, na hakuna mtu aliyekaa akiutazama ukuta wenyewe. Kisha mume wangu akaileta kutoka Kindu, imefungwa ndani ya godoro juu ya pikipiki, fundi akaitundika kwa vyuma, na mara moja nikaona kila kitu: nyaya zinaning'inia chini yake kama matumbo ya kuku, alama ya maji ya mvua iliyoshuka kutoka kwenye bati, na kiraka cha simenti kisichofanana rangi na ukuta uliobaki. Mtu akitazama televisheni anatazama na vyote vilivyo kandokando yake. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Mimi ni fundi wa kushona. Mashini yangu inakaa barazani, inatazama barabara, hapa Kasongo, kwenye kartiye ya mwisho ya mji kabla ya mashamba. Mume wangu ni mfanyabiashara. Anabeba sabuni, chumvi, tochi na vitenge, anapita Kabambare, anafika Salamabila kwenye dhahabu, anawauzia wachimbaji, anarudi. Ndiyo maisha yetu tangu tuoane. Yeye yuko njiani, mimi niko kwenye mashini, na masikio yangu yako barabarani.

Wazo la picha nililitoa kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa, kule Kindu. Saloni yake ina picha pande zote za televisheni, na unapoingia hujui televisheni inaishia wapi na familia inaanzia wapi. Niliporudi nikachukua maboksi ya sabuni, nikayakata vipande vya ukubwa wa picha nilizotaka, nikavibandika ukutani kwa uji mzito wa muhogo. Nilivihamisha huku na huku mpaka nikachoka. Nilijifunza kwamba picha kubwa zinataka kukaa karibu na televisheni na ndogo zinataka kwenda nje, na kwamba ukiacha nafasi ya kiganja kati ya moja na nyingine, jicho linapumzika. Nilijifunza pia kutokuweka picha yenye kioo mkabala na mlango, maana jua la asubuhi hukipiga na hakuna uso unaoonekana.

Mume wangu alirudi safari akakuta ukuta umejaa maboksi.

"Nimeingia kwangu ao kwenye dipo ya sabuni?" akauliza.

"Ngoja," nikamwambia. "Utaona."

Seremala alitengeneza fremu za mbao nyekundu. Nyumba yetu ni ya matofali mabichi yaliyopakwa simenti, msumari haushiki, kwa hiyo alitoboa matundu, akapigilia vijiti ndani yake, halafu misumari ikaingia kwenye vijiti. Juu niliweka picha ya ndoa yetu. Kushoto, marehemu baba mkwe amesimama mbele ya shule aliyofundisha, na watoto wetu wakiwa na nguo nyeupe za komunyo. Nyaya nikazificha kwa kitambaa. Na kulia, karibu kabisa na televisheni, kimo cha macho ya mtu aliyekaa, niliweka picha iliyo kubwa kuliko zote: mume wangu pale Salamabila, ameshika mpini wa pikipiki yake, miwani ya jua kwenye paji la uso, anacheka. Rafiki yake ndiye aliyempiga picha hiyo, kwa simu ambayo baadaye ilizama kivukoni. Bahati nzuri picha ilikuwa imeshasafishwa kwenye karatasi. Niliichagua kwa sababu ndani yake anaonekana mtu asiyeweza kupatwa na jambo.

Jumapili mchana majirani walikuja kutazama mpira. Tuna pano ya umeme wa jua na betri nzuri, na nyumba yenye televisheni huwezi kuifunga mbele ya watu. Walisifu ukuta. Mama mzee jirani yetu, Mwislamu, mjane anayeuza vitumbua, ambaye mimi namwita Bibi, alikaa chini kwenye mkeka akaangalia picha moja moja kama mtu anayesalimia watu msibani. "Umewakusanya wote," akasema. Nilifurahi sana siku ile.

Lazima niseme kidogo juu ya njia. Kati ya Kasongo na Kabambare, na kutoka Kabambare kwenda Salamabila, msitu ni mrefu na barabara ni mbovu, na msimu ule wafanyabiashara walikuwa wanasimamishwa. Mmoja tuliyemjua alirudi bila mzigo na bila viatu. Mwingine hakurudi. Waliofanya hivyo walikuwa na silaha, na kila mtu alikuwa na jina lake la kuwaita. Mimi sikujua ni akina nani na sikutaka kujua. Lakini jambo moja lilisemwa na wote, sokoni, kisimani, kwenye mlango wa kanisa: kwamba kabla ya kumvizia mtu, wanatuma kwanza mwenzao mjini. Anakuja kama mgeni wa kawaida. Anauliza nani anasafiri, anarudi lini, anapita wapi.

Yule mgeni alikuja Jumapili ambayo mume wangu alikuwa safarini. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati lililopigwa pasi. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta wa nyuma, kofia magotini. Kila mmoja alidhani ni mgeni wa mwenzake. Mimi mwenyewe nilimpa kiti na maji.

Goli lilipoingia watu wote waliinuka isipokuwa yeye. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba, nikamwona vizuri. Macho yake hayakuwa kwenye televisheni. Yalikuwa kulia kwake, kwenye mume wangu. Mpira ukaanza tena, wakapiga kelele tena, na yeye bado alikuwa pale pale, shingo ameinyoosha kidogo kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Watu walipotoka akasema, "Aksanti kwa tele, mama," akavaa viatu vyake akaenda.

Nilimuuliza Bibi, "Yule alikuwa mgeni wa nani?"

"Si wako?" akasema Bibi.

Juma zima nilijaribu kujiambia kwamba watu hutazama picha, na kwamba picha huwekwa ili zitazamwe. Jumapili iliyofuata akaja tena. Akakaa pale pale. Mara hii alisubiri wengine watoke, akasogea mpaka mbele ya ukuta, mikono nyuma ya mgongo.

"Mama, huyu bwana mwenye pikipiki ni mume wako?"

"Ndiyo."

"Ni Salamabila pale."

Hakuuliza, alisema. Alikuwa na sauti ya upande wa Kabambare, ile ya watu wanaozungumza Kibangubangu nyumbani, sauti ya wakwe zangu, na labda hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwamba aliongea kama mtu wa nyumbani.

"Anarudiaka siku gani?"

"Siku yoyote," nikasema. "Anarudi na ndugu zake. Wako wengi." Ilikuwa uongo. Mume wangu husafiri peke yake, ao na motari mmoja, dereva wa pikipiki za kukodi.

"Anapitia njia kubwa ao ile ya kuzunguka mtoni?"

Nikasema sijui, mimi ni mwanamke wa mashini, sijui njia. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akatoa simu, akaiinua juu mbele ya uso wake kama mtu anayetafuta rezo ya simu, lakini nikaona upande wa nyuma wa simu umeelekea wapi. Alikuwa anapiga picha ya picha. Akairudisha mfukoni, akaaga kwa adabu.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Kutoka pale chini nikautazama ukuta wangu kwa macho ya mtu mwingine. Huyu ndiye mume, na sura yake. Hii ndiyo pikipiki yake, na rangi yake, hata namba yake inasomeka. Hawa ndio watoto, na shule yao inaonekana kwenye sare. Huyu ndiye baba yake, kwa hiyo ukoo wake ni ule. Nilikuwa nimepanga kwa uzuri, kwa nafasi ya kiganja, kila kitu ambacho mtu mwenye nia mbaya angehitaji kujua. Nikaondoa ile picha ya Salamabila nikaificha chini ya godoro. Ukutani ikabaki alama ya mstatili mweupe, maana moshi na vumbi vilikuwa vimeshabadilisha rangi ya sehemu nyingine, na kijiti cha seremala kikiwa kimechomoza katikati.

Nilimpigia mume wangu. Haipatikani. Nilipiga asubuhi, nilipiga saa sita, nilipanda mpaka kilimani kwenye shule ambako rezo ni nzuri, nikapiga. Haipatikani. Hilo halikuwa jambo geni. Akiwa Salamabila anaweza kukaa juma bila kusikika. Lakini mtu mwenye hofu hakumbuki mambo ya kawaida. Mwishowe nilikwenda kwenye maegesho ya pikipiki, nikamkuta motari anayemfahamu, anapakia kwenda Kabambare.

"Ukimkuta njiani ao Kabambare," nikamwambia, "umwambie asipite njia yake ya siku zote. Na kama amebeba kitu, akiache kwa shangazi yake kule Kabambare."

"Kuna nini, mama?"

"Umwambie tu."

Alinitazama, akafunga kamba ya mwisho, akasema sawa. Hata yeye nikamwogopa. Nilijiuliza nimempa nani habari za mume wangu.

Jumapili sikuwasha televisheni. Niliwaambia majirani betri imekufa. Yule mtu hakuonekana, nikashukuru Mungu. Kumbe alikuwa anangoja siku ya kazi.

Alikuja asubuhi moja watoto wakiwa shuleni, barabara tupu, watu wako mashambani. Nilikuwa kwenye mashini. Alisimama chini ya baraza, kofia mkononi, akapiga hodi ingawa nilikuwa mbele yake. Kupitia mlango uliokuwa wazi macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ukuta.

"Ile foto iko wapi, mama?"

"Kioo kilipasuka," nikasema.

"Na bwana? Amerudi?"

Hapo nikafanya kosa. Nilifikiri, nikisema hajarudi, atajua niko peke yangu na mume wangu bado yuko njiani. Nikasema, "Amerudi. Amelala ndani, amechoka."

Yule mtu akaitikia kwa kichwa. "Basi nitangoja aamuke," akasema. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa, mita chache kutoka nilipokuwa.

Sijui niseme nini juu ya saa zile. Nilishona. Nilikuwa na blauzi ya mteja, na nilishona mkono wake nikauziba mwisho, nikaufumua, nikauziba tena. Sikuthubutu kuinuka kwa sababu nilifikiri nikiinuka ataingia, na sikuthubutu kubaki. Yeye alitazama barabara, upande ule ule ambao mimi hutazama.

Bibi alikuja na beseni lake la vitumbua, akamwona, akanisalimia kwa sauti kubwa, akaniita jikoni nyuma ya nyumba ati nimwazime chumvi. Nilimfuata, mlango nikauacha wazi ili nimwone.

"Ni yule?" akauliza.

"Ni yule."

"Mwanangu, nipige kelele? Vijana wako pale kwenye kinu, watafika mara moja."

Nilimshika mkono. "Hapana, Bibi."

"Kwa nini hapana?"

Kwa sababu mwaka uliopita, karibu na soko, mtu mmoja mgeni alinyooshewa kidole, likasemwa neno moja tu, mpelelezi, na vijana wakafika mara moja. Mimi na Bibi sote tulisikia zile kelele. Siku ya pili tukaambiwa alikuwa amekuja kumnunulia mtoto wake dawa. Nilimwogopa yule mtu aliyekaa barazani kwangu kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu, na wakati ule ule niliogopa kwamba nikifungua mdomo atakufa pale pale kwenye kiti changu, na kama ni mtu wa kawaida, damu yake itakuwa juu ya nyumba yangu. Bibi alinielewa bila mimi kuyasema hayo. Akaweka beseni chini.

"Basi nitakaa," akasema. Akatoka barazani, akakunja miguu kwenye mkeka kati yangu na yule mtu, akaanza kupanga vitumbua vyake upya, ingawa vilikuwa vimepangika.

Nilimpelekea mgeni maji. Mgeni ni mgeni. Alikunywa yote, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

"Mama," akasema polepole, "mume wako hayuko ndani. Mutu aliyelala anageukaka, anakohoa. Tangu asubuhi sisikii kitu."

Bibi aliacha kupanga vitumbua.

"Hapana kuogopa," akasema.

Hakuna neno lililowahi kuniogopesha kama hilo. Nilikaa kwenye mashini nikaanza kusali kwa moyo, sala ya mtoto, maneno yale ya kwanza tuliyofundishwa, bila kufika mwisho.

Jua lilikuwa limeshapita katikati niliposikia pikipiki. Naujua mlio wa ile pikipiki. Nilitaka uwe mlio wa nyingine. Nilitaka apite, aende, arudi alikotoka. Lakini alikata kona, matope mpaka kifuani, suruali imechanika goti, akazima injini mbele ya nyumba. Motari alikuwa amempata. Alikuwa ameacha njia kubwa kwa ajili ya maneno yangu, akazunguka mtoni, na kwenye daraja la miti akaanguka pamoja na mzigo wake.

Yule mtu alisimama. Nami nikasimama. Alishuka barazani akamwendea mume wangu, mkono mfukoni, na mimi nikatoka mbio nikajiweka kati yao, sijui kwa kufanya nini. Mkasi wangu wa kushona ulikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kuuchukua.

Alichotoa mfukoni kilikuwa simu.

"Samahani, kaka," akamwambia mume wangu, juu ya bega langu. "Nakuomba unisaidie. Huyu kijana nyuma yako, mwenye kubeba karai. Unamujua?"

Mume wangu alinitazama mimi, akautazama mkasi, akaitazama simu. Nami nikaitazama. Ilikuwa picha ya picha yetu, ameikuza mpaka mume wangu hayupo tena, imebaki pembe ya pikipiki na nyuma yake, mbali, kijana anapita na karai kichwani, uso umegeuka upande wetu. Mimi niliyeipima ile picha, niliyeitundika na kuipangusa vumbi, sikuwa nimewahi kumwona.

"Ni mudogo wangu," yule mtu akasema. "Tumbo moja."

Tukaingia ndani. Mume wangu alikaa na goti lake linalotoka damu, na Bibi akaleta maji ya moto bila kuombwa. Mgeni akaeleza. Mdogo wake alikuwa mchimbaji Salamabila. Kulikuwa na shimo lililoporomoka, watu wengi hawakutoka. Jina lake lilitajwa kati ya waliobaki chini. Hakuna maiti iliyoletwa. Nyumbani kwao, kijiji cha upande wa Kabambare, waliweka matanga, mama yake akanyoa nywele. Mgeni mwenyewe alikuja Kasongo kwa kazi ya kujenga, na siku moja alipita barabarani, akasikia mpira, akachungulia mlangoni kwetu, akaona ukuta.

"Nilitaka kujua kitu kimoja tu," akasema. "Foto hii ni ya lini? Ni ya mbele ya shimo kuanguka, ao ni ya nyuma?"

"Kwa nini hukuniuliza hivyo?" nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa kali na sikuweza kuilainisha.

Alitazama kofia yake. "Nikikuuliza wewe, utasema sijui. Na nikisema natafuta mutu wa Salamabila, watu wataniuliza mimi ni nani. Njia niliiuliza nipate kumukuta bwana peke yake. Niliogopa, mama."

Mume wangu alijaribu kukumbuka. Alikuwa amepigwa picha nyingi kule, na ile simu ilikuwa chini ya maji. "Siwezi kukudanganya," akasema. "Sijui."

Nikaenda chumbani nikatoa picha chini ya godoro. Niliipeleka kwenye dirisha la saloni. Kwa mara ya kwanza sikuangalia uso wa mume wangu. Niliangalia pikipiki. Kiti chake kilikuwa kimevikwa kitambaa chekundu chenye maua, nilichokishona mwenyewe kwa mabaki ya mapazia ya saloni. Na siku ya kukishona naikumbuka. Nilikuwa barazani, mume wangu ananisubiri nimalize ili aondoke, na radio ya jirani ikasema habari za lile shimo. Niliacha kushona nikamwomba asiende. Alikwenda.

"Ni ya nyuma," nikasema. "Shimo lilikuwa limeshaanguka."

Nikamweleza, nikamwonyesha kitambaa, na mapazia yenyewe yalikuwa pale dirishani. Aliyashika. Bibi akampa kitumbua, akakishika bila kula.

"Mama alishakata nywele," akasema.

Siku ya pili aliondoka kwenda Salamabila, na mume wangu akampa jina la rafiki yake aliyepiga picha, apate pa kuanzia. Mvua zikaja, barabara ikakatika, hatukusikia neno. Nilimfikiria kila siku. Sasa nilimwogopea yeye njia ile ile ambayo nilidhani anamtegea mume wangu.

Alirudi mwisho wa mvua, amekonda, shati bado limepigwa pasi. Alikuwa amempata. Si Salamabila, mbali zaidi, kwenye machimbo mengine ambayo jina lake sikuwahi kulisikia. Asubuhi ya lile shimo mdogo wake alikuwa ametumwa kununua chakula cha wenzake. Aliporudi na ugali kwenye sufuria, shimo halikuwepo. Na ndugu za wale waliokufa wakaanza kumuuliza kwa nini yeye tu. Mara ya kwanza waliuliza kwa machozi. Mara ya pili waliuliza kwa namna nyingine, likatajwa neno uchawi, naye akakaa siku chache akibeba mchanga wa watu ili apate nauli, kisha akakimbia. Ndizo siku alizopita nyuma ya mume wangu na karai.

"Sasa anarudi nyumbani?" nikauliza.

"Amekataa. Anasema, mulishanililia. Nikitokea kijijini, watoto watanikimbia, na wakubwa watauliza nimetoka wapi. Ana mwanamke kule. Mutoto iko njiani."

Mume wangu akasema labda baadaye. Mgeni akasema labda.

Ile picha sikuirudisha saloni. Mume wangu alilalamika, akasema ndiyo pekee iliyompendeza, lakini nilikataa, na ipo chumbani, juu ya sanduku la nguo. Pale kwenye mstatili mweupe nilitundika kalenda ya parokia. Haikai vizuri, ni nyembamba mno, na ukuta unaonekana umelalia upande mmoja. Televisheni inawaka kama kawaida. Ninajua watu wote wanaokuja, na nisiyemjua namuuliza mlangoni ni mgeni wa nani, kwa adabu, lakini namuuliza.

Msimu wa kuvuna mpunga mama wa wale ndugu wawili alikuja. Hatukumtarajia. Alishuka kwenye pikipiki ya kukodi, mwanamke mfupi, nywele zimeota fupi na nyeupe, jogoo mikononi. Mwanawe mkubwa alikuwa amemwelekeza nyumba. Watoto wangu walikuwa wanatazama katuni. Aliniomba, "Mwanangu, uzime kwanza hiki," nikazima, nikamletea picha, akaiweka magotini. Nilimwonyesha mahali pa kuangalia, kwa ncha ya kidole, maana uso ule ni mdogo kuliko ukucha.

Aliangalia. Sikusikia akilia.

"Amekonda," akasema. "Hawamupi chakula." Akanirudishia, akauliza jikoni ni wapi, kwa sababu jogoo alikuwa wa kuliwa leo, si wa kufugwa.

Tulikaa nyuma ya nyumba tukimnyonyoa. Mume wangu alikuwa afike siku ile ile kutoka Kabambare, na giza lilipokaribia alikuwa hajafika. Yule mama aliona jinsi ninavyoinua kichwa kila pikipiki inapopita. Hakuniambia nisiogope. Alisogeza beseni la manyoya, akanipa upande wa pili wa jogoo niushike, tukaendelea.

Mume wangu alifika kesho yake saa nne, tairi imepasuka mara mbili, akauliza kama kuna chakula kilichobaki.